Kabla hujabeba godoro: mwongozo wa kuhamia soba hausi Nairobi

Mtu akitoka rihabu, yaani kituo cha kutibu uraibu, baada ya siku 90, hupokelewa getini kama aliyehitimu chuo. Mama analia, shemeji anapiga picha, mnapita mahali mnakula kuku. Halafu mnafika nyumbani saa kumi na moja jioni. Ile sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa saa hiyohiyo siku za kazi. Na wewe umeketi kwenye kochi lilelile ulilokuwa ukilalia na viatu, huna la kufanya mpaka usingizi uje. Mimi nilidumu siku 11 bila kunywa.

Soba hausi ipo kwa ajili ya saa hiyo. Si hospitali, si jela, wala si rihabu ya bei nafuu. Ni nyumba kama nyingine mtaani, geti jeusi na kamba za nguo nyuma, ambamo watu kadhaa walioacha pombe au dawa za kulevya wanaishi pamoja, wanachanga kodi, wanapika, wanatoka kwenda kazini na kurudi. Sharti kubwa ni moja: humo hakuna anayetumia. Zanzibar na Tanzania Bara wanaziita nyumba za upataji nafuu, jina zuri kuliko letu. Mfumo wenyewe si wa jana. Kule Maryland, Marekani, nyumba ya kwanza ya Oxford House ilianza mwaka 1975, wakazi wakijisimamia wenyewe na kumpigia kura kila mgeni anayetaka kuingia. Hapa Nairobi, zote nilizoziona zina msimamizi anayeshika funguo na daftari.

Mimi ni fundi wa umeme. Nimeishi katika nyumba mbili za aina hii. Ya kwanza ilinishinda, ya pili nilikaa miezi minane. Namwandikia mtu anayehamia wiki ijayo, pamoja na dada yake, kwa sababu mara nyingi dada ndiye anayelipa.

Hatua ya kwanza: usiingie na pombe mwilini

Kama ulikuwa unakunywa kila siku, na asubuhi huwezi kushika kikombe mpaka utoe loki kwanza, yaani unywe kidogo kutuliza mwili, usijifungie chumbani ukasema unaacha leo. Wala usiikubali nyumba iliyo tayari kukupokea ukiwa katika hali hiyo. Wengi hudhani heroini ndiyo hatari zaidi ikikatizwa. Arosto ya heroini, yale maumivu ya mwili unapoikosa, ni mateso makubwa, lakini pombe ikikatwa ghafla inaweza kuua. Degedege huja kati ya saa 6 na saa 48 baada ya glasi ya mwisho. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, akatetemeka mwili mzima huku joto likipanda. Hapo si maombi wala maji ya limau. Ni hospitali, na ni sasa hivi. Tembe za kutuliza za jamii ya diazepamu, pamoja na zile za mtaani ziitwazo bugizi, nazo haziachwi kwa pupa.

Daktari atakupa dawa za kuushusha mwili polepole, atakuongezea vitamini B1, na baada ya siku chache utakuwa na akili ya kusaini karatasi unayoisoma. Hospitali ya Mathari, pale Barabara ya Thika, imezoea kazi hii, na Kenyatta pia. Usipojua pa kuanzia, piga 1192, laini isiyotozwa pesa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Anayeacha heroini ana njia nyingine: methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini. Kliniki ya Mathari imekuwa ikiitoa tangu 2014, na Ngara nako ipo. Dozi inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo ukichagua nyumba, hesabu nauli ya kila asubuhi kabla hujahesabu kodi. Uliza pia mapema kama wanakubali mkazi anayetumia methadoni, kwa sababu zipo nyumba zinazosema huyo bado hajawa soba. Kwangu mimi, methadoni ni dawa kama ya presha, na nyumba inayomlazimisha mtu aiache ili apewe kitanda inamrudisha vichochoroni.

Hatua ya pili: maswali kabla ya kutuma pesa

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba ya kwanza dada yangu aliipata kupitia mtu wa kanisani. Tukaambiwa tulipe miezi mitatu kwa mkupuo. Siku ya kuingia mwenye nyumba alichukua kitambulisho changu, akasema ni kwa usalama. Usiku geti lilipigwa kufuli na ufunguo akaondoka nao mlinzi. Jikoni nilikuta soketi moja imebeba birika, pasi na koili ya kuchemshia maji, zote kwenye waya mmoja mwembamba uliokwisha kuwa mweusi, na madirisha yote yana vyuma. Nilikuwa na wiki chache tu bila pombe, sikuwa na akili nyingi, lakini ufundi haulewi. Niliona watu tisa waliofungiwa ndani ya jiko linalosubiri kushika moto. Nikasema. Nikaambiwa mraibu hana haki ya kukagua nyumba. Nilipoondoka, pesa hazikurudi, na kitambulisho nilikirudishiwa baada ya dada kwenda mara tatu.

Basi uliza hivi, na uliza ukiwa umesimama ndani ya nyumba yenyewe, si kwa simu:

Usiku nani analala humu mwenye mamlaka, na ufunguo wa geti uko wapi moto ukizuka?

Kodi ni ya nini hasa? Chakula kimo? Maji, tokeni za stima, intaneti, vipimo vya mkojo? Kuna nyumba ina bei ndogo halafu kila kipimo unalipia, na wanapima wanavyotaka.

Nikiondoka kabla ya mwezi kuisha, au mkinifukuza, pesa iliyobaki inakwenda wapi? Liandikwe.

Nikiteleza usiku wa manane, mtanipeleka wapi? Jibu la "tutakutoa" peke yake si jibu. Nyumba nzuri itakutajia hospitali, au jamaa ambaye jina lake liko kwenye fomu.

Dawa zangu anashika nani, na anaziandika wapi?

Naweza kuongea na mkazi mmoja, wewe ukiwa mbali? Hili ndilo swali langu ninalolipenda. Msimamizi anayejua kazi yake atakuita mtu na kwenda zake jikoni. Asiyejua atasimama mlangoni.

Kuhusu kibali: rihabu hupewa ithibati na NACADA. Kama nyumba inakuahidi kukutibu, kukudunga sindano au kukuondolea arosto, basi inafanya kazi ya rihabu, omba kuona karatasi. Na kitambulisho chako usikiache kwa mtu. Nakala inatosha kwenye faili. Pia uingie kwa hiari yako. Ile tabia ya kutuma vijana wanne wakubebe usiku kwa sababu familia imechoka, na mimi naielewa familia iliyochoka, haianzishi maisha ya soba hausi. Nyumba hii inasimama kwa sababu kila mkazi anaweza kuondoka na anachagua kutoondoka.

Jambo la mwisho ni dini. Nyumba nyingi zina sala ya asubuhi. Kama wewe ni Mwislamu, uliza kuhusu nyama, Ijumaa na daku ya Ramadhani kabla hujahamia. Kama huna dini, sema hivyohivyo. Mkutano wa hatua 12, ambao wakazi wengi huhudhuria, unamtaja Mungu "kama kila mtu anavyomwelewa", na tangu AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilipoanza mwaka 1935 wamepita humo watu wa kila namna.

Hatua ya tatu: kufunga begi

Godoro na kitanda uliza, nyumba nyingine wanatoa, nyingine unakuja navyo. Shuka mbili, na blanketi zito. Juni na Julai Nairobi si mchezo, na mwili ulioacha pombe unasikia baridi kwa namna mpya. Gikomba utapata blanketi nzuri kwa bei ya kuongea. Ongeza ndoo, beseni, malapa, sahani na kikombe chako, na kufuli mbili ndogo. Karatasi: kitambulisho, barua ya rihabu, usajili wa bima ya afya ya SHA, majina ya dawa unazotumia. Dawa zibaki kwenye pakiti zake.

Usibebe marashi, dawa ya kusukutua mdomo wala dawa ya kikohozi ya maji bila kusoma kibandiko. Nyingi zina alkoholi, na utaona aibu ya bure siku ya kupimwa pombe kwa kupuliza. Kisha kagua mifuko ya nguo za zamani. Nilipokuwa nakunja jaketi langu la saiti nilikuta kwota ya mililita 250 kwenye mfuko wa ndani, imejaa, sijui ni ya lini. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilimwita dada yangu aje aimwage yeye, kwa sababu sikuuamini mkono wangu hata wa kumwaga.

Hatua ya nne: siku ya kuingia

Fika asubuhi. Mtu anayeingia nyumba ngeni jioni anakuta kila mmoja ana mahali pake pa kukaa na yeye hana.

Watapekua begi, mbele yako, kitu kimoja kimoja. Watakupa kikopo cha mkojo. Hakuna njia ya kulisema hili kwa upole: mtu atasimama mlangoni ukikojoa. Nilikuwa na miaka 41, nina watoto wawili, na msimamizi, mwalimu mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, alisimama ameangalia dari huku anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Mkojo ukakataa kutoka. Akafungua bomba la sinki, maji yakatiririka, akasema, "Chukua muda wako, mzee. Hata mimi nilichukua dakika ishirini siku yangu." Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa mraibu.

Kama ulikuwa mvutaji wa bangi wa kila siku, sema kabla ya kipimo. Inaweza kuonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, hata mwezi mzima, baada ya kuacha. Ukisema mapema, inakuwa taarifa tu. Ukinyamaza, inaonekana uongo. Pombe wanapima kwa kupuliza, kwa kifaa kama kile cha Alcoblow ambacho madereva wanakijua vizuri.

Utasaini masharti. Soma. Kwa kawaida humo mna saa ya kurudi jioni, wiki kadhaa za mwanzo za kutotoka peke yako, mikutano mingapi kwa wiki, zamu za kazi, wageni wanakaa wapi, na kwamba hakuna kumpiga mtu wala kukopesha pesa. Hilo la kukopesha usilidharau. Miezi yote minane niliyokaa, ugomvi mkubwa ulikuwa wa shilingi mia mbili.

Kitanda chako huenda kikawa dabo deka, na mgeni hupewa cha juu.

Hatua ya tano: wiki tatu za kwanza ndani

Hutalala vizuri. Usingizi wa mtu aliyeacha pombe unakatikakatika kwa wiki nyingi, na utaota unakunywa. Ndoto hizo ni wazi mno: unaisikia glasi baridi mkononi, unaamka umejaa hatia, unapapasa chini ya kitanda kutafuta chupa. Hujakunywa. Mwambie mtu asubuhi, mtacheka. Utataka sukari pia. Mimi niliyekuwa sinywi chai yenye sukari nilikuwa natia vijiko vinne, na kijana wa kitanda cha chini alikuwa anamaliza pakiti ya biskuti kabla ya taa kuzimwa. Iache tu kwa sasa.

Ratiba yetu ilikuwa: kuamka saa kumi na moja na nusu asubuhi, kutandika kitanda, duara la dakika kumi na tano kila mtu akisema ameamkaje, uji, kazi. Wasio na kazi walibaki na Mwalimu kulima vitanda vya sukuma nyuma ya nyumba. Jioni chakula cha pamoja, halafu mkutano wetu wa ndani au wa nje. Mikutano ya AA, na ya NA ambayo ni ya walioacha dawa za kulevya, ipo Nairobi, mingine kwenye kumbi za makanisa, na huhitaji kuwa muumini wa kanisa hilo. Ukienda NA mara ya kwanza utapewa kitagi cheupe cha funguo. Cha siku 30 ni cha rangi ya chungwa, 60 kijani, 90 chekundu. Ni kipande cha plastiki. Nimeona mwanamume wa kilo mia akikilia.

Tafuta sponsa mapema, yaani mtu aliyekutangulia kwenye njia hii ambaye unaweza kumpigia usiku. Asiwe wa nyumba yenu, na asiwe mtu unayetaka akupende.

Sasa zamu. Wageni hudhani kazi za nyumba ni adhabu, au njia ya mwenye nyumba kuokoa mshahara wa mfanyakazi. Huenda kuna ukweli kidogo. Lakini mtu uliyeishi miaka sita bila kuosha sufuria yako mwenyewe, hujui ni kiasi gani umepoteza mpaka upewe zamu ya maji. Kwetu maji ya bomba yalikuja siku mbili kwa wiki, usiku. Mwenye zamu aliamka saa tisa, akasikiliza bomba linakohoa, akajaza mitungi kumi na sita pamoja na tangi la choo. Akilala, watu wanane hawaogi. Nililala wiki ya pili. Hakuna aliyenifokea. Asubuhi walijipanga wote mlangoni kwa bafu na taulo mabegani, kimya, wakinitazama nikibeba mitungi kutoka kwa muuza maji wa mkokoteni. Sikulala tena.

Mtagombana. Kuhusu sufuria, kuhusu redio, kuhusu nani amekata sukuma nene kama majani ya ng'ombe. Zoea kusema jambo siku hiyohiyo, kwenye duara, kwa sauti ya kawaida. Mimi nilikuwa sijui kukasirika bila kwenda baa, na nadhani wengi wetu tulikuwa hivyo.

Hatua ya sita: saa kumi na moja jioni

Narudi hapa kwa sababu ndicho kiini cha nyumba yote.

Wiki ya kwanza unalindwa na hofu. Wiki ya tatu hofu imeisha, umepata usingizi kidogo, umeambiwa una uso mzuri, umerudi kazini. Unashuka kwenye matatu. Kutoka stejini hadi nyumbani kwetu zilikuwa dakika tisa za kutembea, na maduka matano ya wainsi, yaani ya vileo. Nilihesabu. La tatu lilikuwa na mwenye duka aliyekuwa akinipungia mkono.

Fanya hivi. Chora njia yako ya kurudi kabla hujaanza kuitumia, na uitembee kwanza na mkazi mwingine. Njia ndefu isiyo na rafiki wa zamani ni bora kuliko ya mkato. Kula kitu saa kumi, hata kama ni ndizi mbili au mahindi ya kuchoma. Kwenye mikutano utafundishwa kujiuliza mambo manne kabla ya kiu: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? Fundi anayeshuka saiti saa kumi na moja ana yote manne kwa pamoja, na kwa miaka mingi ameyaita kwa jina moja, kiu.

Jioni moja ya wiki ya tatu nilifika getini nikiwa nimekasirika, mkandarasi amenikata pesa. Nikamwambia Mwalimu kwamba naondoka, nyumba hii ni ya watoto. Hakunihubiria.

"Sawa, mzee. Umekula?"

"Sijala. Na sitaki chakula."

"Kuna chapati tatu na ndengu. Kula, halafu nitakufungulia geti mimi mwenyewe."

Nilikula nimesimama. Nilipomaliza ya pili nilikaa. Ya tatu nilipokuwa naimalizia, habari ya geti ilikuwa imenitoka kichwani, nilikuwa namweleza jinsi mkandarasi anavyoiba nyaya.

Wikendi ni nzito zaidi, maana sheria inaruhusu baa kufunguliwa saa nane mchana. Jumamosi panga kitu chenye kuanza na kuisha: mkutano, kufua, mpira wa mtaa, mazoezi ya kwaya, kinyozi. "Nitapumzika tu" si mpango.

Hatua ya saba: simu na pesa

Nyumba nyingine huchukua simu wiki mbili za mwanzo. Usigombane nalo. Ukirudishiwa, futa namba za wauzaji na za wale wa "leta tuonane", na kama unaweza badilisha laini. Siku hizi boda inaleta chupa hadi getini. Mtu hahitaji hata kuvaa viatu.

Pesa ndiyo kubwa zaidi. Vibarua tunalipwa Jumamosi mchana, na pesa ya M-Pesa inanukia kama muratina. Miezi mitatu ya kwanza nilimwomba mkandarasi atume moja kwa moja kwa dada, naye dada alilipa nyumba, akaniletea nauli ya wiki. Aibu? Ndiyo, kidogo. Jitoe Fuliza na mikopo yote ya simu, maana deni la saa tano usiku halina mwisho mzuri. Na kubeti, hata kama nyumba yako haikukataza, nako uhesabu kama pombe. Nimeona watu walioacha chupa wakakesha na simu chini ya blanketi, uso uleule, jasho lilelile.

Hatua ya nane: watu wa nyumbani

Waambie siku za kutembelea na waje siku hizo tu. Mama yangu alikuja Jumapili ya kwanza na sufuria ya mukimo inayotosha kijiji, akatazama kila kona, akanusa kikombe changu akidhani sioni. Niliumia. Mwalimu aliniambia nisimlaumu, kwani amefundishwa na mimi mwenyewe kunusa.

Usiombe msamaha kwa kila mtu mwezi wa kwanza. Watu wamesikia msamaha wako mara nyingi, tena wa machozi. Anza kwa kupokea simu na kufika saa uliyosema. Watoto hasa wanaangalia saa.

Dada unayelipa, nawe: lipa kwa mwenye nyumba, si kwa mkononi mwa ndugu yako, omba risiti, na usiwe mpelelezi wa msimamizi. Ukitaka kujua anaendeleaje, muulize yeye.

Hatua ya tisa: kuteleza

Inatokea. Kabla haijatokea, andika kwenye karatasi majina matatu ya kupigia, na hospitali. Ukinywa, usirudi ukajifanya mzima, na usikae nje siku tatu kwa sababu ya aibu. Sema usiku huohuo. Nyumba nyingi zitakutoa, angalau kwa muda, ili kuwalinda waliobaki, ndiyo maana swali la "mtanipeleka wapi" uliliuliza mapema.

Kwa aliyekuwa anatumia heroini, hili ni la uhai. Mwili uliokaa wiki au miezi bila dawa umepoteza uzoefu wake. Kipimo cha zamani sasa kinaweza kukata pumzi. Ukimkuta mtu hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze kwa ubavu, piga kelele, mkimbize hospitali. Naloksoni, dawa inayogeuza hali hiyo, inafanya kazi ikiwahi. Usimmwagie maji, usimpe maziwa.

Na ukijua mwenzako anatumia ndani ya nyumba, useme. Najua mtaani hilo linaitwa usnichi. Kijana wa kitanda cha chini alinunua kitu mwezi wa nne, nikanusa, nikakaa nayo siku mbili nikijiambia si kazi yangu. Siku ya tatu nilimwambia kwanza yeye: "Kijana yangu, unamwambia Mwalimu leo au namwambia mimi, chagua." Alinitukana hadi kizazi cha babu. Akaenda akasema. Alitolewa, akapelekwa kwa shangazi yake Kitengela, akarudi baada ya wiki sita na godoro lilelile. Safari hii akapewa kitanda cha juu.

Hatua ya kumi: kuondoka

Usihesabu miezi, angalia mambo. Una kazi au shughuli ya kila siku? Sponsa anakujua? Umepita Krismasi, harusi au matanga ukiwa ndani ya nyumba na ukarudi soba? Una kodi ya mwezi na dipoziti uliyoiweka mwenyewe? Mimi ilinichukua minane. Wapo waliohitaji miaka miwili, na hawakuwa dhaifu kuliko mimi.

Ukitafuta bedsita, keateka, yaani mtunza jengo, atakuonyesha saa nne asubuhi, jua likiwaka, mtaa mtulivu. Mshukuru, usilipe. Rudi Ijumaa saa moja jioni. Simama chini ya jengo. Nairobi ghorofa nyingi zina baa pale chini, na mchana inaonekana kama duka tu lililofungwa shata. Sikiliza muziki unafika ghorofa ya ngapi. Panda ngazi polepole uone zinanuka nini. Mimi nilikataa vyumba vinne kwa njia hiyo. Cha tano kiko juu ya fundi cherehani. Anafunga saa mbili, na mpaka hapo unaisikia mashine yake ikienda.